Jinsi ya kusoma rangi ya mnyama kipindi hiki tabianchi inabadilika: usipige picha ya mnyama peke yake, piga na ardhi

Kuna kosa naliona karibu kila siku kwenye picha za wanyama zinazorushwa mtandaoni, na ndilo limenifanya nikae niandike hii. Mtu kakutana na sungura mweupe pee katulia juu ya majani makavu ya kahawia, anavuta zumu mpaka sungura anajaza skrini nzima, anapiga, anaposti, watu wanamwaga mioyo. Picha nzuri, sikatai. Ila kitu cha maana kuliko vyote kimekatwa, nacho ni ardhi. Sungura mweupe msimu wa baridi ni jambo la kawaida kabisa kwenye nchi za theluji, weupe peke yake haukuambii kitu. Weupe juu ya ardhi isiyo na theluji ndio habari yenyewe, maana huyo anaonekana na kila mwewe na kila mbweha aliye karibu, na yeye anakaa ametulia kama kawaida akidhani kajificha.

Kwa hiyo huu ni mwongozo wa kufuatilia rangi za wanyama na kuona kama hali ya hewa inayobadilika inawaweka pabaya, kwa mtu wa kawaida tu mwenye simu na daftari. Maabara hauhitaji. Unahitaji kurudi sehemu ileile mara nyingi, na kuandika hata siku ambayo hujaona mnyama yeyote.

Anza na swali hili: hiyo rangi inamfanyia mnyama kazi gani?

Watu wengi wanaanza na "je rangi imebadilika?" na hapo ndipo wanapotea. Anza na kazi. Rangi inaweza kuwa ya kujificha, kama sungura wa theluji. Inaweza kuwa ya kuvuta joto la jua au kulikwepa, kama kipepeo au kereng'ende. Inaweza kuwa ya kumvutia mwenza na kuwatisha wapinzani, kama manyoya ya shingoni ya simba dume. Na kwa matumbawe (ndio, tumbawe ni mnyama, sio jiwe wala mmea) rangi nyingi wala sio yake, ni ya mwani mdogo sana unaoishi ndani ya mwili wake. Joto likipanda kila mmoja kati ya hawa anaumia kwa njia yake, na ukichanganya kazi ya rangi utapata jibu la uongo hata kama picha zako ni safi namna gani.

Mara nyingi rangi moja inafanya kazi mbili kwa pamoja na hizo kazi zinavutana. Simba ndio mfano mzuri kuliko yote ninayoijua. Peyton West na Craig Packer walichapisha mwaka 2002 utafiti wao wa simba wa Serengeti, wakaonyesha kwamba majike wanapendelea madume wenye manyoya meusi shingoni, na madume wenzao wanaogopa weusi huo, lakini dume mwenye manyoya meusi mwili wake unakuwa na joto zaidi, na hata mbegu zake zinakuwa na kasoro nyingi zaidi. Yaani uzuri wake anaulipia kwa joto. Sasa fikiria dunia ikizidi kupata joto, gharama ya huo weusi inapanda, ila majike bado wanaupenda. Huwezi kulijua hilo kwa kuangalia picha moja ya simba halafu kusema "huyu mweusi, huyu mwekundu".

Jua ni nini kinamwambia mnyama abadilike

Hapa naomba usome taratibu kwa sababu ndio mzizi wa shida yote ya wanyama wa theluji. Kuna aina 21 za ndege na mamalia zinazojulikana kubadilisha rangi kutoka kahawia kwenda nyeupe na kurudi kufuata msimu: sungura wa aina kadhaa, vicheche, mbweha wa aktiki, panya wadogo wa baridi, na ndege wa jamii ya kwale. Wengi tunadhani wanaona theluji ndio wanabadilika. Hapana. Kinachowasukuma ni urefu wa mchana. Mwanga unaingia machoni, ubongo unapima usiku una urefu gani kupitia homoni ya melatonini, siku zikifupika homoni nyingine inaitwa prolaktini inapungua, na manyoya mapya yanayoota yanakuwa meupe. Urefu wa mchana kwa tarehe fulani haujabadilika tangu enzi na enzi na hautabadilika hata hewa ikipata joto namna gani, kilichobadilika ni theluji, inachelewa kuanguka na inawahi kuyeyuka, kwa hiyo kalenda ya mwili na kalenda ya ardhi zimeachana. Mnyama anavaa nguo nyeupe kwa tarehe ileile ya mababu zake, halafu theluji haijafika.

Wapo waliopima hasara yake. Kule Montana, Marekani, Marketa Zimova na L. Scott Mills na wenzao waliwavisha sungura wa theluji redio shingoni wakawafuatilia wiki kwa wiki, na mwaka 2016 wakatoa matokeo kwamba sungura ambaye rangi yake imeachana na ardhi, uwezekano wake wa kumaliza wiki akiwa hai unapungua kwa kiasi kinachofika asilimia 7. Saba inaonekana ndogo. Hebu piga hesabu: ikishuka hivyo kila wiki kwa wiki 8 mfululizo, 0.93 ukiizidisha kwa yenyewe mara 8 unabaki na kama 0.56. Karibu nusu ya hao wanaopaswa kufika hawafiki. Na kabla ya hapo, mwaka 2013, Mills na wenzake walikadiria kuwa kama sungura hawatabadilika kimaumbile basi siku za kukaa mweupe juu ya ardhi tupu zitaongezeka mara 4 hadi mara 8 ifikapo mwisho wa karne hii.

Kitu kingine walichokiona, tarehe ya kuanza kubadilika haitetereki, iwe mwaka wa theluji nyingi au kidogo. Ila msimu wa joto ukikaribia, ile kasi ya kutoka weupe kwenda kahawia inaweza kurekebishwa kidogo na hali ya mwaka huo. Kwa hiyo kama una muda mchache chagua vipindi hivi viwili, pale theluji inapotakiwa kuanza na pale inapotakiwa kuisha. Katikati ya baridi sungura mweupe juu ya theluji hana jipya la kukuambia.

Namna ya kupima pengo

Njia yenyewe rahisi mpaka inashangaza, na ndiyo hiihii ya watafiti wa sungura, nimeirahisisha tu kidogo. Mwangalie mnyama, kadiria mwili wake una weupe asilimia ngapi kwa hatua za ishirini ishirini: 0, 20, 40, 60, 80, 100. Halafu angalia ardhi iliyomzunguka, duara la kama mita 10 hivi, kadiria theluji imefunika asilimia ngapi kwa hatua zilezile. Toa moja kwa nyingine. Hilo ndilo pengo. Mnyama ana weupe 80, ardhi ina theluji 20, pengo ni 60. Watafiti wanahesabu kuwa mnyama kaachana na ardhi pengo likifika 60 au kuzidi.

Piga picha mbili kila mara, ya kwanza ya karibu uone manyoya vizuri, ya pili ya mbali mnyama akiwa mdogo na ardhi yote inaonekana, ukibaki na nafasi ya picha moja tu basi bakiza ya mbali. Andika tarehe, saa, mahali. Andika mnyama alikuwa kivulini au juani, na alikuwa anafanya nini, kwa sababu hao watafiti walitaka kujua pia kama sungura aliyeachana na ardhi anajirekebisha kwa kukimbia mapema au kutafuta sehemu inayomfanania, na kwa kiasi kikubwa hakuwa anajirekebisha. Hilo linaniuma kuliko namba zote, kwamba mnyama anategemea mbinu iliyomlinda vizazi kwa vizazi na hana njia ya kujua kuwa leo haimlindi.

Tofauti na huyo kuna ndege wa aktiki wa jamii ya kwale, dume lake linabaki jeupe theluji ikishayeyuka wakati jike limeshageuka kahawia, linabaki hivyo kwa sababu weupe unalisaidia kwenye kutafuta jike, na majike yakianza kutaga dume linajipaka uchafu makusudi mpaka linafanana na udongo. Kwa hiyo ukimuona ndege mweupe mchafu usiandike "ameanza kubadilika", mtazame vizuri, manyoya ni meupe bado, yamechafuliwa. Ndio maana picha ya karibu nayo ni lazima.

Kama hakuna theluji unapoishi, mbinu ni ileile, unabadilisha tu kinachopimwa. Panzi wa kijani kwenye nyasi zilizokauka mapema kwa ukame, nondo wa kijivu kwenye gome lililobadilika, mjusi wa rangi ya mchanga sehemu iliyoota majani. Kadiria ni sehemu ngapi kati ya kumi za ardhi zinafanana na mnyama. Ukifanya hivyo mwaka mzima kwa aina moja ya mnyama na sehemu moja, utakuwa na kitu ambacho wengi hawana.

Ukitaka kwenda mbali zaidi: vinyago vya udongo

Hii naipenda sana na watoto wanaiweza. Kule msitu wa Białowieża nchini Poland kuna vicheche wa aina moja lakini wa namna mbili, wengine baridi ikija wanakuwa weupe na wengine wanabaki kahawia, wote msitu mmoja. Watafiti waliona kuwa miaka yenye siku chache za theluji sehemu ya weupe kwenye idadi inapungua. Kuhakikisha sababu ni macho ya wawindaji, wakaweka vinyago vya kicheche, vyeupe na vya kahawia, kwenye ardhi za rangi tofauti, na vinyago vilivyopishana na ardhi vikagunduliwa na wawindaji zaidi. Walichapisha mwaka 2018.

Wewe chukua udongo laini wa kuchezea usiokauka, tengeneza maumbo sawasawa kwa ukubwa, nusu rangi moja nusu nyingine, angalau 20 kila rangi, vitawanye ardhi moja, kila kimoja mbali na mwenzake, na rangi zipishane bila mpangilio. Baada ya siku mbili tatu pita uhesabu vyenye alama za midomo au meno. Tenganisha mdomo wa ndege na meno ya panya, panya anaweza kutafuna kwa sababu ya harufu tu na sio kwa sababu kaona, huyo usimhesabu. Halafu viokote VYOTE, usiache hata kimoja porini.

Rangi za joto, na hapa watu wanachanganya sana

Kitu cheusi juani kinapata moto haraka kuliko cheupe, hilo kila mtu analijua. Kwa wadudu na mijusi, ambao mwili wao unategemea joto la nje, weusi ni jiko la asubuhi. Penye baridi weusi unasaidia, penye joto unakuwa mzigo. Ndio maana watafiti walipoangalia aina 473 za vipepeo na kereng'ende wa Ulaya (matokeo yalitoka 2014) walikuta wenye rangi nyepesi wako zaidi sehemu za joto, na kwa kereng'ende mkusanyiko wa aina ulikuwa unaelekea kwenye wepesi kadiri miaka inavyopita. Kule Amerika Kaskazini, kazi iliyotoka 2021 ikaonyesha kwamba kereng'ende madume wa sehemu za joto wana weusi mchache kuliko wa sehemu za baridi kwenye mabawa, kwa sababu yale mabaka yanaweza kuongeza joto la mwili hadi nyuzi 2 hivi, na nyuzi 2 juani kwa mdudu sio mchezo. Tatizo ni kwamba majike wanawatambua madume wao kwa mabaka hayohayo. Majike wenyewe mabawa yao hayakufuata mwelekeo huo. Sasa siku dume limepoteza alama, jike litalijuaje? Swali bado liko wazi.

Kuna na wale wadudu wadogo wa mviringo wenye madoa, wengine wekundu wenye madoa meusi na wengine weusi wenye madoa mekundu, wote ni aina moja. Uholanzi walihesabiwa mwaka 1980 kuanzia pwani kuelekea ndani ya nchi, weusi wakawa wengi zaidi ndani na wachache pwani, tofauti kubwa. Ilipofika 2004 ile tofauti ilikuwa imefifia karibu kuisha, weusi wamepungua ndani huko. Miaka 24 tu. Hawa ni wanyama wazuri wa kuanzia maana unahesabu tu, wekundu wangapi, weusi wangapi, unaandika, mwaka ujao tarehe zilezile unarudia.

Ila sasa usije ukatoka hapa na kanuni kichwani kwamba "joto likipanda wanyama wote wanakuwa weupe". Sio hivyo! Kwa ndege na mamalia kuna kanuni ya zamani ya Gloger, ya mwaka 1833, inayosema wanyama wa sehemu za joto na unyevunyevu huwa weusi zaidi kuliko wenzao wa sehemu kavu na baridi. Yaani kinyume kabisa na mdudu. Bundi wa kahawia wa Finland ni ushahidi mwingine, wako wa namna mbili, kijivu na kahawia, rangi wanairithi. Miaka ya nyuma majira ya baridi yalikuwa na theluji nyingi na wa kahawia walikuwa wanakufa zaidi kuliko wa kijivu. Baridi zilipolainika wa kahawia wakaanza kupona, na kutoka karibu asilimia 30 ya bundi wote miaka ya 1960 walifika karibu nusu ilipofika 2010, hayo aliyachapisha Patrik Karell na wenzake mwaka 2011. Hapo joto limeongeza rangi iliyokolea. Kwa hiyo kila mnyama na hesabu yake, rudi kwenye lile swali la kazi ya rangi.

Matumbawe yanahitaji kadi

Kama uko karibu na bahari yenye matumbawe na unajua kuogelea, hii ndio kazi ya maana kuliko zote humu, na ni ya haraka maana miamba inaungua sasa hivi tunavyoongea. Ule mwani ndani ya tumbawe unalilisha kwa kutumia jua. Maji yakizidi kama nyuzi 1 tu juu ya joto la kawaida la mwezi wa joto kuliko yote, na yakakaa hivyo wiki kadhaa, tumbawe linautoa mwani nje, mwili wake unabaki kama kioo na unaona mifupa yake myeupe chini. Ndio huko kupauka. Tumbawe lililopauka HALIJAFA, lina njaa. Maji yakipoa mapema linaweza kuupata mwani tena, yasipopoa linakufa na mwani mwingine wa ovyo unalifunika. Kwa hiyo tarehe ni kila kitu.

Usikadirie kwa macho, maji yanadanganya. Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kina mradi unaitwa CoralWatch wenye kadi ya rangi isiyoloa, ina familia nne za rangi na kila moja ina namba 1 hadi 6, 1 ni iliyopauka zaidi na 6 iliyokolea. Unashika kadi karibu na tumbawe bila kuligusa, unaandika namba ya sehemu yake iliyopauka zaidi na namba ya iliyokolea zaidi. Epuka ncha za matawi, pale linapokua huwa peupe siku zote. Fanya hivyo kwa matumbawe 20 kila ukiingia, na sehemu ileile. Namba ikishuka kwa 2 kutoka vipimo vyako vya awali, hapo kuna shida ya kweli. Kipimo cha siku moja tu bila historia hakina uzito mkubwa.

Na usidanganyike na matumbawe yanayowaka zambarau, pinki na bluu kali wakati wa joto, watu wanayashangilia kweli na kuposti. Ile mara nyingi ni kinga ya jua ambayo tumbawe linaitengeneza baada ya kupoteza mwani. Ni kilio kile, sio afya. Tukio la nne la kupauka duniani kote lilitangazwa Aprili 2024, yaliyotangulia yalikuwa 1998, 2010 na 2014 hadi 2017. Angalia jinsi mapengo kati yao yalivyo, mwamba unahitaji miaka mingi kujijenga upya na hatuupi hiyo miaka.

Mitego, hii sehemu usiiruke

Kamera. Simu ikiona theluji nyingi inajipunguzia mwanga yenyewe, theluji inatoka kijivu na mnyama anakuwa mweusi kuliko alivyo. Weka karatasi nyeupe ya kawaida kwenye fremu ya picha moja kila siku, baadaye utalinganisha. Filta zima kabisa, flashi pia.

Saa. Kinyonga na mijusi wengi wanakuwa weusi asubuhi ili wapate joto halafu wanapauka mchana, ndani ya dakika. Ukipiga mwaka huu saa 1 asubuhi na mwakani saa 7 mchana utagundua "mabadiliko ya tabianchi" ambayo hayapo.

Umri na jinsia. Manyoya ya simba yanakolea kadiri anavyokua. Ndege madume na majike wanabadilika nyakati tofauti. Andika unachokijua, usichokijua acha wazi.

Maumbile ya nadra. Mnyama mweupe mwenye macho mekundu ni zeruzeru, na yupo pia mwenye mabaka meupe au mweupe mwili mzima lakini macho ya kawaida. Hao hawaingii kwenye hesabu ya tabianchi.

Chakula. Njano na nyekundu nyingi za ndege zinatoka kwenye wanachokula. Flamingo ni mfano unaojulikana sana. Kuna ndege mdogo wa Ulaya, utosi bluu kifua njano, alifuatiliwa kusini mwa Ufaransa kuanzia 2005 hadi 2019 na rangi zote mbili zikafifia kwa madume na majike, na joto lilipanda na mvua ikapungua kipindi hicho. Ile njano inatokana na viwavi wanaoliwa, kwa hiyo hapo tabianchi inaweza kupitia tumboni kabla haijafika kwenye manyoya. Njia ni ndefu, usiikate.

Na sababu nyingine kabisa. Nondo wa Uingereza waliogeuka weusi, yule mweusi wa kwanza kuandikwa Manchester ni wa 1848, na mwisho wa karne hiyo walikuwa karibu wote weusi pale, lakini sababu ilikuwa masizi ya viwanda na sio joto, hewa ilipokuja kusafishwa weupe wakarudi. Kondoo wa porini wa visiwa vya St Kilda, Scotland, wenye rangi ya giza wamekuwa wakipungua, kuna watafiti wakasema ni baridi zimelainika, kuna wengine wakaonyesha kuwa jeni ya rangi imekaa jirani na jeni nyingine zinazoathiri uzazi na maisha ya kondoo. Hata wenye maabara wanabishana, wewe mwenye daftari andika ulichokiona na uache sababu iwe swali.

Muda, na pa kupeleka

Mwaka mmoja hautoshi, nakuambia mapema ili usikate tamaa. Mwaka mmoja unakupa picha ya hali ya hewa ya mwaka huo, basi. Kule nyanda za juu za Scotland, Zimova na wenzake walilinganisha kumbukumbu za sungura wa mlimani za miaka ya 1950 na za kuanzia 2014, wakakuta sungura hawajasogeza kabisa tarehe zao, siku za theluji zimepungua kwa 37 na siku za kuachana na ardhi zimeongezeka kwa 35 kwa mwaka. Wameweza kusema hivyo kwa sababu kuna mtu miaka ya hamsini alitembea mlimani akaandika sungura huyu ana weupe kiasi gani, tarehe hii. Huyo mtu hakuwa na habari ya tabianchi. Aliandika tu vizuri.

Kama eneo lako lina wanyama wa namna mbili, wanaokuwa weupe na wanaobaki kahawia, tafadhali lipe kipaumbele. Maeneo hayo ndiyo yenye nafasi kubwa ya mnyama kujiokoa mwenyewe, maana rangi inayohitajika ipo tayari kwenye damu na inaweza kuenea haraka. Sungura wa pwani ya kaskazini magharibi ya Amerika wanaobaki kahawia baridi nzima waliipata hiyo jeni kwa kuzaliana na sungura wa aina nyingine zamani, hilo lilithibitishwa 2018. Unachohitaji kuandika hapo ni kitu kimoja, kila baridi umeona weupe wangapi na kahawia wangapi. Ardhi hizo zikikatwa vipandevipande na barabara na mashamba, wale wa kahawia hawatafika kwa wenzao weupe wanaowahitaji, kwa hiyo namba zako zinaweza kumsaidia mtu anayepigania eneo lisikatwe.

Rekodi zako weka iNaturalist (jukwaa la mtandaoni la kuweka picha za viumbe ulivyoviona) au mradi wowote wa sayansi unaoshirikisha wananchi na unaokubali picha yenye tarehe na mahali, na kwenye maelezo andika asilimia mbili zile, ya mwili na ya ardhi, maana jukwaa lenyewe halitakuuliza. Mnyama aliye hatarini usiweke mahali kamili hadharani, wapo wanaofuatilia hizo posti kwa nia mbaya. Na usimkimbize mnyama ili upate picha, hasa wakati wa baridi, anachoma nguvu ambazo hawezi kuzirudisha, na ukimtoa alipojibanza akiwa mweupe juu ya udongo umemwonyesha kwa kila anayemtafuta. Kaa mbali, subiri, piga na ardhi, andika zile namba mbili, ondoka.